Kidhibiti joto cha Marekani kitaungua nyumbani

WANAOREJEA kutoka Marekani, na wafanyabiashara wa mpakani wanaonunua mizigo yao, wasome kwanza volti zilizoandikwa kwenye kidhibiti joto cha ukutani.

Huko, nyumba nyingi zinazopashwa joto kwa maji ya moto huwa na kidhibiti na vali kwa kila sehemu, kwa kawaida vya volti 24 tu. Chumba kikipoa, kidhibiti hupitisha umeme, vali hufunguka, na swichi iliyo ndani yake huwasha boila.

Umeme wa majumbani Afrika Mashariki ni volti 220 hadi 240. Ukikiunganisha moja kwa moja kitaungua, na fundi anaweza kupigwa shoti. Hata transfoma yake ilitengenezwa kwa volti 120. Na pasipo boila, hakina kazi. Afadhali nafasi hiyo upakie kingine.