Pasipoti Mbili, Fomu Moja: Chuo cha Ng'ambo Kitamhesabu Mtoto Wako Vipi?

Msimu wa maombi ya vyuo vya ng'ambo ukifika, pesa huanza kutoka kwenye simu: ada ya maombi, ya mtihani wa Kiingereza, ya wakala. Kabla hujatuma, hebu tuangalie swali moja dogo kwenye fomu: uraia wako ni upi? Jibu lake linaweza kubadilisha bili nzima.

Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Kwa hivyo kuna vijana waliosomea hapa nyumbani na wana pasipoti mbili, ya Kenya na ya Marekani ama Uingereza. Nchi hizo mbili haziwahesabu kwa njia moja.

Marekani huuliza: wewe ni raia?

Mwenye pasipoti ya Marekani huhesabiwa raia hata kama amelelewa Nakuru. Hahitaji visa ya mwanafunzi wala fomu ya I-20, na halipi ada ya SEVIS ya dola 350. Anaweza pia kuomba msaada wa masomo wa serikali ya huko kupitia fomu ya FAFSA. Kwa hivyo ataje uraia wote wawili. Lakini kumbuka: karo nafuu ya chuo cha umma huwa ya wakazi wa jimbo hilo. Pasipoti pekee haitoshi.

Mwenye pasipoti ya Kenya pekee lazima aonyeshe pesa za mwaka wa kwanza ndipo apewe I-20. Akiomba msaada wa karo, vyuo vingi huweka hilo kwenye mizani wakati wa kuamua. Vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, haviangalii uwezo wa kulipa hata kwa wageni.

Matokeo ya KCSE je? Pasipoti haiongezi alama. Vyuo vingi husoma matokeo kulingana na shule uliyotoka na nafasi ulizokuwa nazo pale.

Uingereza huuliza: umekuwa ukiishi wapi?

Hapa ndipo familia hushtuka. Kwa kawaida, kulipa karo ya wenyeji England kunataka uwe na haki ya kuishi huko bila kikomo, na uwe umeishi huko miaka 3 kabla ya kozi kuanza. Karo hiyo ina kikomo cha paundi 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Aliyekaa Kenya miaka hiyo yote anaweza kutozwa karo ya wageni, ambayo mara nyingi ni zaidi ya maradufu, hata akiwa na pasipoti ya Uingereza. Omba chuo kikuambie kwa maandishi uko kundi gani kabla ya kukubali nafasi.

Linda pesa zako

- FAFSA ni bure. Anayekutoza "ada ya FAFSA" anakula pesa zako.
- Lipa kupitia tovuti ya chuo au ya serikali husika, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.
- Hakuna wakala anayeweza "kununua" nafasi ama kukubadilishia kundi la karo.
- Hifadhi ujumbe wa malipo na risiti ya kila ada.
- PIN yako ni yako. Chuo hakiihitaji.

Uliza kwanza, lipa baadaye. Swali kwa barua pepe halina ada.