Hoki ya barafuni: Kwa nini bingwa wa vijana duniani huanza upya kila mwaka?

Desemba 27, 2023, vijana wa Canada waliifunga Latvia 10-0 mjini Gothenburg, Sweden. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, timu hizo zikakutana tena. Safari hii ilikuwa Ottawa, nyumbani kwa Canada, na swali la wengi lilikuwa moja tu: leo yataingia mangapi?

Latvia ikashinda 3-2.

Kipa wa Latvia, Linards Feldbergs, aliokoa mashuti 55. Wenzake walisawazisha dakika za mwisho, kisha wakamaliza kazi kwenye penalti. Nchi yenye watu wasiofika milioni 2 ilikuwa imeiangusha nchi yenye watu zaidi ya milioni 40, tena kwenye mchezo ambao Wacanada wanaupenda kama Wabrazil wanavyopenda mpira wa miguu.

Ilikuwaje 10-0 ikageuka ndani ya miezi 12? Kuna ushujaa wa kipa, na kuna bahati. Lakini sehemu kubwa ya jibu ipo kwenye tarehe za kuzaliwa za wachezaji.

Ni mashindano gani haya?

Ni ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni kwa vijana wa kiume chini ya miaka 20. Yanaandaliwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IIHF, na yamekuwa rasmi tangu mwaka 1977.

Kwa kawaida yanaanza Desemba 26, siku moja baada ya Krismasi, na kumalizika siku za mwanzo za Januari. Timu za daraja la juu ni 10 tu. Nchi nyingine zinacheza madaraja ya chini, zikitafuta kupanda.

Canada ndiyo kigogo. Hadi mashindano ya 2025 ilikuwa imechukua ubingwa mara 20, ikiwemo mitano mfululizo mara mbili: 1993 hadi 1997, na 2005 hadi 2009. Umoja wa Kisovieti na baadaye Urusi nao walitamba miaka mingi. Mwaka 2022 Urusi ilifungiwa kwa sababu ya vita vya Ukraine.

Mchezo wenyewe unachezwaje?

Kama hujawahi kuuona, chukua picha hii. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo. Wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chini, mkononi wameshika gongo. Badala ya mpira kuna kisahani kigumu cha raba, unene kama sentimita 2.5.

Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Mchezaji hakai uwanjani muda mrefu, maana kasi inachosha. Anacheza chini ya dakika moja hivi, anatoka, mwingine anaingia, na mchezo hausimami. Anayefanya kosa anakaa nje dakika mbili, timu yake ikibaki pungufu.

Penalti nazo si za kusimama na kupiga. Mchezaji anaanzia katikati ya uwanja akiwa na kisahani, anateleza peke yake hadi kwa kipa, na hapo ni yeye na yeye.

Siku moja inayofunga mlango

Sasa turudi kwenye umri. Mashindano huitwa kwa mwaka yanapomalizikia. Yale yaliyoanza Desemba 2024 mjini Ottawa yaliitwa ya 2025, na walioruhusiwa ni waliozaliwa mwaka 2005 na kuendelea.

Maana yake ni hii. Kijana aliyezaliwa Januari 1, 2005 anaruhusiwa, ingawa atatimiza miaka 20 mashindano yakiwa yanaendelea. Aliyezaliwa Desemba 31, 2004, siku moja tu kabla yake, hana nafasi. Kwake mlango umeshafungwa.

Kwa kuwa vijana wengi huitwa timu ya taifa wakiwa na miaka 18 au 19, wengi wanapata nafasi moja au mbili tu maishani. Kwenye timu za wakubwa mchezaji akikosa mwaka huu anaweza kujaribu tena mwakani, na hata miaka mitano baadaye. Hapa hakuna mwakani.

Na kwa timu ya taifa, kila Januari kikosi kinavunjika. Waliobeba kombe wengi wao wanatoka kwa sababu ya umri, na kocha anaanza kukusanya wengine. Ndiyo maana matokeo ya mwaka jana hayakwambii mengi kuhusu mwaka huu.

Vigogo huwapoteza nyota wao mapema

Kuna jambo la pili. Vijana hodari kupita kiasi huchukuliwa na ligi kubwa ya NHL ya Marekani na Canada hata kabla umri wao haujaisha. Mchezaji akishaingia huko, klabu yake ndiyo inayoamua kumwachia au kumbakiza.

Connor Bedard ni mfano. Mashindano ya 2023, akiwa na miaka 17, alifunga mabao 9 na kutoa pasi 14 za mabao kwenye mechi 7. Canada ikachukua kombe. Miezi michache baadaye aliteuliwa na Chicago akiwa chaguo la kwanza kabisa la NHL, na mashindano ya vijana hakuonekana tena.

Aliyefuata ni Macklin Celebrini, chaguo la kwanza la mwaka 2024, aliyekwenda San Jose. Wote wawili umri ulikuwa bado unawaruhusu kucheza Ottawa. Lakini usiku ule Latvia inashinda, wao walikuwa waajiriwa wa NHL.

Nchi ndogo haina vijana wengi wanaochukuliwa mapema hivyo. Kwa hiyo wakati kigogo anacheza bila nyota wake wakubwa, mdogo mara nyingi anakuja na kikosi chake chote. Pengo linapungua.

Kila pointi ina bei yake

Timu 10 hugawanywa makundi mawili ya timu tano. Ukishinda ndani ya dakika 60 unapata pointi 3. Ukishinda kwenye muda wa nyongeza au penalti unapata 2, na aliyefungwa hapo anaambulia 1.

Timu nne za juu za kila kundi huingia robo fainali, na kuanzia hapo ni mtoano. Timu mbili zilizoshika mkia hukutana zenyewe kwa zenyewe. Anayepoteza anashuka daraja.

Hiyo ndiyo mechi yenye machozi kuliko fainali, maana wanaocheza si wao watakaoishi na matokeo. Kijana wa miaka 19 akifungwa leo, atakayecheza daraja la chini mwakani ni mdogo wake. Mwaka 2025 ilikuwa Ujerumani na Kazakhstan. Ujerumani ikashinda 4-3 kwenye muda wa nyongeza, Kazakhstan ikashuka.

Canada nayo ilionja bei hiyo mwaka huo huo. Baada ya kupoteza kwa Latvia na kisha Marekani, ilimaliza ya tatu kwenye kundi, ikapangwa na Jamhuri ya Czech kwenye robo fainali. Czech wakafunga bao la ushindi ikiwa imebaki chini ya dakika moja. Matokeo: 4-3. Ulikuwa mwaka wa pili mfululizo kwa Canada kutolewa na Czech katika hatua hiyo.

Finland: kutoka dhahabu hadi mkiani

Mfano mkali zaidi wa jinsi kombe linavyoweza kuyeyuka ni Finland.

Januari 2016, mjini Helsinki, Finland ilitwaa ubingwa mbele ya mashabiki wake. Kikosi kilikuwa na Patrik Laine, Sebastian Aho na Jesse Puljujärvi. Mwisho wa mwaka huo huo, wote watatu walikuwa NHL.

Finland ikaenda Canada kutetea taji na kikosi kipya. Ikapoteza mechi tatu za kwanza, ikiwemo dhidi ya Denmark. Kibarua cha kocha Jukka Rautakorpi kikaota nyasi katikati ya mashindano, jambo ambalo ni nadra sana. Bingwa mtetezi akajikuta anapigania kutoshuka daraja dhidi ya Latvia. Ikajinusuru.

Aliyeshika timu baada ya kocha kutimuliwa aliitwa Jussi Ahokas. Miaka miwili baadaye, 2019, alirudi Canada na vijana wengine na kuifunga Marekani 3-2 kwenye fainali, bao la Kaapo Kakko likija chini ya dakika mbili kabla ya mwisho. Kutoka juu, hadi chini, hadi juu tena, yote ndani ya miaka mitatu.

Taa zilipozimwa uwanjani

Kwa kuwa nafasi ni moja, kuipoteza kunauma miaka mingi.

Januari 4, 1987, mjini Piešťany, iliyokuwa Czechoslovakia, Canada ilikuwa inaongoza 4-2 dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Canada ilikuwa na uhakika wa medali, na dhahabu yenyewe ilikuwa bado inafikika. Ugomvi wa wawili ukageuka ngumi za timu nzima, mabenchi yote yakamwagika uwanjani. Waandaaji waliposhindwa kuwatenganisha, walizima taa za ukumbi. Vijana wakaendelea kupigana gizani.

Timu zote mbili zilifukuzwa kwenye mashindano. Dhahabu ikaenda Finland.

Theoren Fleury wa Canada alizaliwa 1968, kwa hiyo alikuwa na mwaka mwingine. Alirudi 1988 akiwa nahodha, na Canada ikachukua ubingwa Moscow kwenyewe. Lakini wenzake waliozaliwa 1967 umri ulikuwa umeisha. Medali ile hawakuipata tena.

Janga lilipokaribia kuwanyang'anya nafasi

Desemba 2021, mashindano yalianza Canada na kusitishwa siku chache baadaye kwa sababu ya korona. Kwa vijana waliozaliwa 2002 ilionekana ndiyo imetoka hiyo.

IIHF ikaamua kuyarudia Agosti 2022 mjini Edmonton, na waliozaliwa 2002 wakaruhusiwa ingawa wengi walishatimiza miaka 20. Fainali ilikuwa Canada na Finland, 2-2, muda wa nyongeza, anayefunga kwanza ameshinda.

Finland ikapiga shuti, kisahani kikampita kipa, kikawa hewani kinaelekea golini. Nahodha wa Canada, Mason McTavish, akakipiga kwa gongo kabla hakijavuka mstari. Muda mfupi baadaye Kent Johnson akafunga upande wa pili. Canada bingwa.

Wasichana nao wana ubingwa wao wa dunia, ila ni wa chini ya miaka 18, ulioanza 2008. Januari 2022 mashindano yao yalifutwa, baada ya kukosa pia ya 2021. Kelele zikapigwa: kwa nini ya wavulana yalipewa nafasi ya kuanza na ya wasichana yakafutwa moja kwa moja? Mwishowe yalichezwa Juni 2022 mjini Madison, Marekani. Waliokuwa wametimiza umri mwaka 2021, lakini, hawakurudishiwa chochote.

Na Afrika Mashariki?

Mchezo huu si mgeni kabisa huku. Uwanja wa barafu ulifunguliwa ndani ya hoteli ya Panari jijini Nairobi mwaka 2005, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walisafiri hadi Canada na kucheza na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa IIHF.

Kutoka hapo hadi timu 10 bora za vijana bado ni safari ndefu. Kuna madaraja kadhaa katikati, na Afrika Kusini imeshawahi kuonekana kwenye yale ya chini. Ila mlango upo, na namna ya kupanda inajulikana: unashinda daraja lako, unapanda moja, mwaka unaofuata unajaribu tena.

Latvia yenyewe mwaka 2025 iliishia robo fainali, ikifungwa na Sweden 3-2. Kombe lilikwenda Marekani, iliyoifunga Finland 4-3 kwenye muda wa nyongeza. Januari ilipofika mwisho, vijana wote waliozaliwa 2005, wa Latvia, wa Canada na wa Marekani, walikuwa wameshamaliza muda wao. Wa 2006 wakawa ndio wakubwa wa timu.