Michezo ya kompyuta yamkumbuka mwenye saa moja tu

MGAAGAA na upwa hali wali mkavu, ndivyo walivyonena wahenga. Lakini je, afanyeje yule ambaye hana wakati wa kugaagaa?

Hilo ni swali ambalo kwa zaidi ya miaka 20 limewakosesha usingizi watengenezaji wa michezo ya kompyuta inayochezwa kwa intaneti, hasa ile ambayo mchezaji hujitwalia umbo la shujaa, mchawi au mganga na kuishi katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya wenzake.

Michezo hii si kama kandanda, ambapo refa hupuliza kipenga dakika 90 zikiisha. Haina mwisho. Kila baada ya miaka miwili hivi, kampuni huuza nyongeza: nchi mpya, majoka mapya na ngazi mpya za kupanda.

Na katika kila nyongeza lazima iamuliwe inatengenezewa nani. Je, ni kijana asiye na mke wala mtoto awezaye kukesha hadi alfajiri, au ni mama wa watoto wawili ambaye nafasi yake ni saa tatu hadi saa nne usiku, watoto wakishalala?

KUFA NA KUPOTEZA

Hapo mwanzo mwenye saa moja hakuwa na lake. Mchezo wa EverQuest, uliotoka Marekani mwaka wa 1999, ulikuwa mkali kama mwalimu wa zamani. Shujaa akiuawa, mchezaji alipokonywa sehemu ya alama alizotolea jasho, kisha ikambidi arudi kuitafuta maiti yake ili achukue mali yake. Aliyejaribu kutembea peke yake aghalabu hakufika mbali.

Kampuni ya Blizzard Entertainment ya jimbo la California ilipozindua World of Warcraft mnamo Novemba 2004, ililegeza kamba. Aliyekufa hakupoteza alama, na mtu aliweza kupanda ngazi hadi ya mwisho, ambayo wakati huo ilikuwa ya 60, bila kumtegemea mwenzake.

Fauka ya hayo, kulikuwa na mapumziko. Mchezaji anapomwacha shujaa wake mjini au katika nyumba ya wageni na kwenda zake kazini, mapumziko hujilimbikiza. Akirudi, hupata alama maradufu kwa kila adui anayemwangusha.

Kisa cha mapumziko hayo kinachekesha, na kimewahi kusimuliwa na Bw Rob Pardo, aliyekuwa miongoni mwa wabunifu wakuu wa mchezo huo. Wakati wa majaribio, mpango ulikuwa kwamba anayecheza mfululizo apunguziwe alama hadi nusu. Watu wakateta. Wabunifu wakageuza maneno tu: ile nusu ikaitwa kawaida, na ile kawaida ikaitwa zawadi ya aliyepumzika. Hesabu ilibaki ile ile, manung'uniko yakaisha.

WATU 40 KWA WAKATI MMOJA

Hata hivyo, raha hiyo iliishia ngazi ya 60. Kutoka hapo, mambo matamu zaidi yalikuwa ndani ya mapango yaliyohitaji watu 40 kukutana saa moja, usiku kadhaa kwa wiki. Msomaji aliyewahi kuitisha mkutano wa harusi wa watu 15 anaelewa uzito wa jambo hilo.

Matokeo yake ni kwamba pango la Naxxramas, lililofunguliwa mwaka wa 2006 kwa gharama na ustadi mwingi, lilionwa na wachezaji wachache mno. Ilikuwa kama kupika pilau ya kijiji kizima na kuwalisha wazee wa baraza peke yao.

Nyongeza zilizofuata zilirekebisha hali hiyo hatua kwa hatua. The Burning Crusade ya Januari 2007 ilipunguza vikosi hadi watu 25 na 10. Wrath of the Lich King ya Novemba 2008 ililirejesha lile pango la Naxxramas, safari hii kwa watu 10 au 25, ili na wengine walione.

Mnamo Desemba 2009 kukaja chombo cha kutafuta wenzi. Mchezaji anabonyeza kitufe, na kompyuta inamkusanyia watu wanne wa kuingia nao pangoni. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 2011, chombo kama hicho kiliwekwa kwa vikosi vya watu 25.

Mwaka wa 2024 hatua ilikwenda mbali zaidi. Nyongeza ya The War Within ilileta mapango madogo ya mtu mmoja hadi watano. Asiye na mwenzi hupewa msaidizi anayeendeshwa na kompyuta, na zawadi anazopata si za kudharauliwa.

Wajapani nao hawakulala. Katika Final Fantasy XIV, nyongeza ya Shadowbringers ya mwaka wa 2019 ilimwezesha mchezaji kuingia mapango ya hadithi akiandamana na wahusika wa hadithi yenyewe. Kiongozi wa mchezo huo, Bw Naoki Yoshida, amewashangaza wengi kwa kusema hadharani kwamba mtu aliyemaliza anayoyataka anaweza kusimamisha malipo, akacheze mingine, kisha arudi nyongeza mpya ikitoka.

KILA KIZURI KINA KASORO

Je, wote wamefurahi? La hasha. Wakongwe wanalalamika kwamba mchezo umetafuniwa wachezaji. Zamani, wanasema, ulimjua mganga aliyekuponya kwa jina na kwa tabia. Siku hizi kompyuta inakuletea watu wanne, mnapigana dakika 20, mnaachana bila hata salamu.

Malalamiko hayo yalikuwa na nguvu. Mnamo Agosti 2019 Blizzard ilifungua tena mchezo ulivyokuwa zamani, pamoja na vikosi vya watu 40 na taabu zake zote, na watu wakapanga foleni kuingia.

Jambo la pili ni pesa. Tangu 2014 kampuni hiyo imekuwa ikiuza njia ya mkato ya kumpandisha shujaa ngazi kwa mkupuo. Hapo mwanzo bei ilikuwa dola 60 za Marekani. Mtu ameununua mchezo, analipa karibu dola 15 kila mwezi, kisha analipa tena ili asiucheze!

La tatu ndilo linalogusa nyumba zetu. Kumsaidia mwenye saa moja kumezaa kazi ndogondogo za kila siku na zawadi za kila wiki. Zinaonekana za huruma, lakini zina ndoano. Mtu ambaye angecheza Jumamosi tu sasa anaona hasara akikosa Jumanne. Michezo mingi ya simu ambayo watoto wetu hucheza hapa Kenya hutumia ndoano iyo hiyo.

MFANO WA NORWAY

Hata hivyo, tusidharau kinachoweza kupatikana humo. Mats Steen, kijana wa Norway aliyeugua ugonjwa wa kudhoofika misuli, alifariki mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Alikuwa amecheza World of Warcraft kwa maelfu ya saa, na wazazi wake waliamini kuwa mwana wao aliishi na kufa mpweke.

Baba yake alipotangaza kifo hicho kwa intaneti, barua za rambirambi zilimiminika kutoka nchi mbalimbali. Chama cha wachezaji wenzake kilimjua kama rafiki na mshauri, na baadhi yao walisafiri kuja kumzika. Filamu kuhusu maisha yake ilionyeshwa mwaka wa 2024.

Urafiki huo haukuletwa na kitufe. Uliletwa na watu walewale kukutana mara kwa mara na kuhitajiana. Hapo ndipo ulipo mtihani wa kila nyongeza: kumpunguzia mtu saa za kungoja bila kumwondolea sababu ya kuwajua wenzake.

Basi msomaji, kama nyumbani kwako kuna mchezaji, awe mume, dada au mwana wa kidato cha tatu, usianze kwa kuzima kompyuta. Muulize kwanza: Je, mchezo huo waweza kuachwa katikati chakula kikiiva? Je, akikosa siku mbili anaadhibiwa? Na je, akitoweka mwezi mzima, yuko humo mtu atakayeuliza yuko wapi?

Mkisikilizana kuhusu majibu hayo, kupanga saa ya kucheza na saa ya kulala hakutawashinda.