Gesi ya Kupikia: Ufunge Bei ya Leo au Uende na Soko?

Je, ushawahi kufika dukani kujaza gesi ukaambiwa bei si ile ya mara ya mwisho? Hapa Isiolo si jambo geni. Kila mwezi EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, lakini gesi ya mtungi haimo kwenye orodha hiyo. Gesi hununuliwa nje kwa dola, nyingi inashukia Mombasa, kisha inapandishwa lori mpaka huku. Dola ikipanda au usafiri ukipanda, mtungi nao unapanda.

Kwa hivyo wengine hukubaliana na muuzaji wamlipe mapema, tuseme pesa ya kujaza mara tatu, kwa bei ya leo. Wengine hulipa tu mtungi ukiisha. Ni ipi nafuu?

Tuangalie kodi. Julai 2021, VAT ya 16% ilirudishwa kwa gesi. Mtungi wa 2,000 bila kodi uliongezeka 320. Aliyekuwa amelipia mitatu mapema aliokoa 960, na hiyo si pesa kidogo. Lakini 2022 kodi ikashushwa hadi 8%, na 2023 ikaondolewa kabisa. Aliyefunga bei kabla ya hapo alijikuta analipa zaidi ya jirani yake. Yaani kufunga bei ni kama kubahatisha, ila kwa pesa ya unga.

Maoni yetu ni haya: funga bei tu ukiwa na sababu unayoweza kuitaja. Kwa mfano, mswada wa fedha unaongeza kodi kuanzia Julai 1. Au Ramadhani inakaribia, jiko litawaka daku na futari, na unajua gesi itaisha haraka kuliko kawaida. Hata hivyo, usilipie zaidi ya mitungi miwili. Pesa ikishaingia kwa till ya duka, ni ya duka. Ukikosea namba, tupigie mara moja tujaribu kukusaidia. Lakini muuzaji akifunga biashara na kuhamia Marsabit, hatuwezi kumlazimisha atimize ahadi yake.

Kama huna sababu kama hiyo, afadhali uende na soko lakini usiende mikono mitupu. Weka kidogo kidogo kwenye akiba ya simu, hata 30 kwa siku. Kwa siku 60 una 1,800, na ni yako bado: bei ikishuka, faida ni yako, ikipanda unaongeza tu kidogo. Hiyo pia inakuepusha na mkopo wa simu, ambao ada yake inaweza kumeza chochote ulichookoa kwenye bei.

(Miji mingine kama Nairobi kuna gesi ya mita, unalipia kidogo kidogo kama token za stima. Ni rahisi kwa mfuko, lakini bado uliza bei ya kilo moja.)

Kilo moja ndiyo kipimo cha kweli. Tuseme meko ya kilo 6 inajazwa kwa 1,200 na mtungi wa kilo 13 kwa 2,400. Meko inaonekana rahisi, kumbe unalipa 200 kwa kilo, na kwa mtungi mkubwa ni kama 185. Na kabla ya kulipa, omba upimiwe. Uzito wa mtungi mtupu umechapishwa kwenye chuma chake, kwa hivyo mzani unafaa kuonyesha uzito huo na kilo 13 juu yake. Duka lisilo na mzani, pita.

Ukiamua kulipa mapema, soma jina la duka linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Kisha muuzaji akutumie SMS: mitungi mingapi, ya kilo ngapi, bei gani, mpaka tarehe gani. Usiifute pamoja na zile za matangazo.