Fedha Zipo, Mbona Bweni Halijaanza?



Swali hili linatufikia kila robo mwaka. Kabla ya kulijibu, naomba nieleze kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita viongozi wa kijiji kimoja cha Wamaasai walitupatia kiwanja cha shule. Kilikuwa tambarare, karibu na barabara, na mhandisi alikipenda. Tukamwaga mchanga na kokoto. Kumbe ilikuwa olopololi, malisho yanayotengwa karibu na maboma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu wakati wa kiangazi. Waliotueleza ni akina mama, maana ndio wanaotunza ndama. Katika kikao kilichotoa kiwanja hawakuwepo. Tulihamisha kila kitu kwa gharama yetu, tukapoteza msimu mzima wa ujenzi.

Hatukuwa na kisingizio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, wanawake kwa wanaume. Saini ya mwenyekiti na baraka za laigwanani havitoshi. Siku hizi hatuingii mkataba na fundi kabla ya kuona muhtasari wa mkutano huo na kuonyeshwa kwa miguu mapito ya mifugo.

Baadhi ya wafadhili wameuliza kwa nini bajeti ya elimu ina birika la kunyweshea ng'ombe. Ni kwa sababu kisima cha shule huenda kikawa maji pekee ya karibu. Birika likikosekana nje ya uzio, kiangazi kikikaza uzio utakatwa, nami sitamlaumu mfugaji.

Bweni lenyewe linahitajika. Maboma yako mbalimbali na familia huhamia palipo na majani. Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kilutheri ya MaaSae, Monduli, iliyofunguliwa mwaka 1995 na kanisa pamoja na shirika la Operation Bootstrap Africa la Marekani, imetupa mfano wa kuiga: mwaka wa maandalizi kabla ya kidato cha kwanza, kwa kuwa binti anaingia sekondari kusoma kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia bomani.

Ada nayo tunapendekeza ilipwe kwa awamu kufuata minada. Ukimdai mzazi wakati ng'ombe wamekonda, atauza wawili kwa bei ya mmoja, na huenda binti akabaki nyumbani.

Katika kijiji tunachoshirikiana nacho sasa, mkutano mkuu umeahirishwa mara mbili kwa sababu wengi wako mbali na mifugo. Tutakutana mvua zikinyesha. Kamati zilizokwisha kukusanya fedha za mabati tunaziomba ziziache benki hadi hapo.