Kikuza Sauti cha Gitaa na Hatari Iliyomo Ndani Yake

Mpigaji gitaa akikaa barazani kwake, jirani wote humsikia. Lakini akiitwa arusini, penye vigelegele na ngoma, sauti ya nyuzi zake humezwa. Kwa hiyo vijana wetu wa Pemba hutamani kuunda kikuza sauti kwa mikono yao, na tangu mwaka 2010 umeme huja kisiwani kutoka Tanga kwa waya upitao chini ya bahari. Tamaa hiyo ni njema. Leo twataka kueleza jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi, na jinsi kiwezavyo kumwua asiyekijua.

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme pana sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme huzaliwa katika waya ule, lakini ni kidogo mno, hauwezi kuitikisa spika. Yapasa ukuzwe, na mkuzaji ni vali.

Vali ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna kipande cha madini kipashwacho moto, na chembe za umeme hutoka hapo zikaruka hadi bati la pili. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza vali ya vipande viwili. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akatia kipande cha tatu katikati, mfano wa wavu, na hapo njia ya kukuza ikafunguka.

Fikirini bonde la mpunga ambalo maji yake yamezuiwa kwa lango dogo. Mtoto akiliinua na kulishusha, maji mengi huufuata mkono wake. Mtoto ni umeme wa gitaa, lango ni wavu, na maji ni umeme mwingi utokao ukutani.

Katika kikuza sauti kidogo, vali iitwayo ECC83 hukuza kwanza, kisha EL84 huipa spika nguvu ya wati 5 hivi kwa kupitia transfoma. Kisiwashwe kamwe bila spika, maana transfoma hiyo yaweza kuungua.

Sasa tuje kwenye hatari. Vali hizi hutumia volti 250 au 300, nazo zapita zile 230 za ukutani. Kapasita huuhifadhi umeme huo kama mtungi uhifadhivyo maji, hata baada ya waya kuchomolewa. Basi kwanza chomoa waya, pili toa umeme uliobaki kwa rizista yenye mpini usiopitisha umeme, tatu pima kwa mita mpaka isome sifuri, ndipo uguse.

Hatari ya pili imo katika redio kuukuu. Baadhi yake hazina transfoma ya kuutenga umeme wa ukutani, na bati lake limeungwa na umeme huo moja kwa moja. Nyuzi za gitaa nazo huungwa na bati. Aungaye gitaa humo huenda akaushika umeme wa ukutani kwa vidole vyake mwenyewe. Redio ya namna hiyo isigeuzwe kuwa kikuza sauti. Chombo kiwe na transfoma yake, fyuzi, na bati lililoungwa na waya wa ardhini.

Wanafunzi wasikifungue pasipo fundi kuwa karibu. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Twapenda gitaa lisikike arusini, na mpigaji wake arudi nyumbani salama.