Mtoto Mchanga Husoma Uso Kabla ya Kujua Maneno

Wapo wazazi wanaoamini kwamba mtoto mchanga haoni wala haelewi chochote hadi afikishe miezi kadhaa. Imani hiyo si sahihi. Mtoto anapozaliwa huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, na huo ndio umbali uliopo kati ya macho yake na uso wa mama anaponyonya. Kwa hiyo uso wa mama ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mtoto hujifunza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Teresa Farroni na wenzake ulithibitisha jambo hilo. Watoto wenye umri wa siku 2 hadi 5 walionyeshwa picha mbili za uso, moja ikiwa na macho yanayowatazama na nyingine ikiwa na macho yaliyoelekezwa pembeni. Watoto hao waliutazama kwa muda mrefu zaidi uso uliokuwa ukiwatazama.

Hatua za kuangalia siku za kliniki

Ratiba ya chanjo humsaidia mzazi kufuatilia uwezo huu bila gharama ya ziada. Katika chanjo ya wiki 6, watoto wengi huwa wameanza, au wako karibu kuanza, kuitikia uso unaowachekea kwa tabasamu. Wiki ya 14, mtoto hutazama uso wa mlezi, huufuata kwa macho unaposogea na hutoa sauti kana kwamba anajibu mazungumzo.

Miezi 9, mtoto hugeuka kutazama upande ambao mtu mzima amegeukia. Katika umri huo hufuata kichwa hata kama macho ya mtu huyo yamefumbwa. Afikapo miezi 10 au 11 huwa ametambua kwamba kinachoona ni macho, hivyo hufuata zaidi pale macho yanapokuwa wazi. Katika chanjo ya miezi 18, wengi hunyoosha kidole kuonyesha kitu, kisha humtazama mlezi kuhakikisha kwamba naye amekiona.

Karibu na mwaka mmoja, uso wa mlezi huwa pia mwongozo wa usalama. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1985, watoto wa miezi 12 waliwekwa juu ya meza ya kioo iliyoonekana kuwa na shimo mbele yao. Mama aliyekuwa upande wa pili alipoonyesha furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha hofu, kati ya watoto 17 hakuna hata mmoja aliyevuka.

Uso unaponyamaza

Mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wawatazame kwa dakika chache bila kucheka, kusema wala kubadilisha uso. Watoto walijaribu kuwachangamsha mama zao. Waliposhindwa, walinyong'onyea na kugeuza nyuso zao pembeni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1978.

Dakika chache kama hizo hazimdhuru mtoto. Hali huwa tofauti pale uso wa mlezi unapokuwa mzito kwa majuma mengi. Mara nyingine chanzo chake ni sonona baada ya kujifungua: mama hukosa furaha na usingizi, hulia mara kwa mara au hujihisi hana thamani. Huo ni ugonjwa unaotibika, si uvivu, ukaidi wala ulogi. Mume, mama mkwe na majirani wanaombwa kumsindikiza mama huyo kituoni badala ya kumlaumu.

Funzo kutoka kwa Wakisii

Wakazi wa Tarime na Serengeti hawapaswi kudhani kwamba malezi ya asili yana kasoro. Katika miaka ya 1970, Robert LeVine na wenzake walichunguza malezi ya Wakisii wa Kenya, ambao ni jirani wa Wakurya na lugha zao zina udugu. Waliona kwamba mama wa Kikisii hakutazamana wala kuzungumza sana na mtoto mchanga kama mama wa Marekani, lakini alimbeba kwa muda mrefu na alimtuliza upesi alipolia. Lengo kuu lilikuwa mtoto awe salama na aendelee kuishi.

Mbeleko, kunyonyesha na kubembeleza viendelee, na mazungumzo ya uso kwa uso yaongezwe. Mtoto aliyebebwa mgongoni akiteremshwa, aelekezwe uso wa mlezi na asemeshwe kwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kiswahili. Simu iwekwe kando wakati wa kunyonyesha. Baba, bibi na dada anayemlea mdogo wake wote wanaweza kufanya hivyo. Mtoto akigeuza uso, aachwe apumzike, maana huo ndio usemi wake wa kwamba ametosheka.

Dalili za kuwahi kituoni

Mzazi asisubiri tarehe ya kliniki iwapo mtoto:

- ana weupe katikati ya mboni ya jicho;
- amefikisha miezi 3 na hatazami nyuso wala hatabasamu;
- ana makengeza yanayoendelea baada ya miezi 4;
- hashtuki kwa sauti kubwa, au hageukii sauti afikapo miezi 6;
- amepoteza uwezo aliokuwa nao, kama kutabasamu au kutazama watu.

Weupe katika mboni unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Kuchelewa kunaweza kumgharimu mtoto uwezo wa kuona, na kwa saratani hata uhai. Dawa za kienyeji zisitiwe machoni.

Kwa mujibu wa sera ya afya, watoto wenye umri chini ya miaka mitano hupata huduma bila malipo katika vituo vya umma. Mzazi aende na kadi ya kliniki katika zahanati iliyo karibu na aeleze alichokiona. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeko kijijini anaweza kutoa ushauri wa awali, na zahanati itatoa rufaa kwenda hospitali pale inapohitajika.